Bule: Maji Yapo, Njia Ndiyo Ndefu

Barabara ya taifa namba 27, ile inayotoka Bunia kuelekea Mahagi, haimpi msafiri sababu ya kuwaza kiu. Vilima vya Djugu vinafuatana, na chini ya karibu kila kilima kuna bonde lenye kijito. Kingo za barabara zimekatwa kwenye udongo mwekundu unaotoa maji hata siku ambayo mvua haikunyesha. Nyanda hizi zimepita mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, huku Ziwa Albert, chini ya genge upande wa mashariki, likiwa kwenye mita 620 hivi. Kiangazi cha kweli ni kifupi, Desemba hadi Februari, kisha mvua zinarudi na barabara yenyewe inageuka tope la kulaza lori. Bule, katika sheferi ya Bahema-Badjere, wilaya ya Djugu, jimbo la Ituri nchini Kongo, imekaa katikati ya unyevu wote huo. Kwa hiyo ninaposoma taarifa zinazoiweka Bule kwenye orodha ya mahali penye uhaba wa maji, nashindwa kuzipokea hivi hivi. Uhaba wa maji uko Turkana, uko Karamoja. Bule maji yapo, na yanayobubujika chini ya vilima vyake yanatoka ardhini yakiwa baridi na maangavu. Kilicho haba ni ukaribu wake na mlango wa nyumba. Naona pia kwamba makosa mengi katika kazi ya maji na vyoo kwenye vijiji hivi yanaanzia hapo: tunahesabu vituo vilivyojengwa, hatuhesabu hatua ambazo mama anatembea.

Tuanze na hesabu ya nyumba moja. Kiwango cha Sphere, ambacho mashirika ya misaada yamekuwa yakikitumia tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, kinataka kila mtu apate angalau lita 15 kwa siku, kituo cha maji kisizidi mita 500 kutoka nyumbani, na foleni isizidi dakika 30. Familia ya watu sita basi inahitaji lita 90, yaani bidoni nne na nusu za lita 20. Bidoni iliyojaa inazidi kilo 20, na inapandishwa kilima kichwani au mgongoni. Kama kushuka bondeni, kupanga foleni na kurudi kunachukua saa moja, lita hizo 90 ni zaidi ya saa nne za kazi kila siku, Jumapili ikiwemo. Mama huyo huyo ana shamba la kupalilia, kuni za kutafuta, sombe ya kutwanga na mtoto wa kunyonyesha. Hatateka bidoni tano. Atateka mbili, pengine na ya tatu akipata binti wa kumsaidia, na kila mtu nyumbani ataishi kwa lita saba hadi kumi: za kunywa, za kupikia, na kidogo za kunawa uso. Chemchemi kule chini inaweza kuwa imejengwa kwa saruji nzuri na kuandikwa jina la mfadhili ukutani. Ripoti itasema watu mia kadhaa wamepata maji safi, na haitakuwa imesema uongo.

Ushahidi wa jambo hili hauhitaji kutafutwa Ulaya. Nyanda za juu za Mueda, kwa Wamakonde wa kaskazini mwa Msumbiji, zinafanana na Bule kwa umbo: watu wako juu, maji yako chini. Mwaka 1987 watafiti Cairncross na Cuff walichapisha ulinganisho wa vijiji viwili vya huko. Namaua palikuwa na bomba kijijini. Itanda watu walisafiri saa nyingi kufuata maji. Mtu wa Namaua alitumia kama lita 11 kwa siku, wa Itanda kama lita nne. Zile lita saba za ziada hazikunywewa, kwa sababu tumbo la binadamu halina nafasi ya maji mengi hivyo. Zilikwenda hasa kwenye kuoga, kuogesha watoto na kufua. Hapo ndipo lilipo jambo ambalo David Bradley alilieleza mapema zaidi, mwaka 1972, katika kitabu Drawers of Water alichokiandika pamoja na Gilbert White na Anne White baada ya kuwachunguza wachota maji wa Kenya, Uganda na Tanzania. Alitenganisha magonjwa yanayoletwa na maji machafu na magonjwa yanayoletwa na kukosa maji ya kutosha kujisafisha. Upele, trakoma, na sehemu kubwa ya kuhara kwa watoto wachanga viko kwenye kundi la pili. Mtoto huugua kwa sababu mikono iliyomlisha haikunawa, na haikunawa kwa sababu bidoni ilibaki robo na jua limeshazama.

Kuna pingamizi la kitaalamu hapa ambalo haifai kulikwepa. Utafiti mwingi umeonyesha kwamba matumizi ya maji hayapungui sawasawa na umbali. Maji yakiwa ndani ya ua, mtu hutumia lita 50 hivi. Akianza kuyafuata kwa miguu, matumizi hushuka ghafla hadi kama lita 20, kisha hukaa hapo hapo, iwe mita 200 au mita 900, mpaka safari ipite kilomita moja au nusu saa, ndipo yashuke tena hadi chini ya lita tano. Kwa hiyo mhandisi anaweza kuuliza kwa haki: ukitumia fedha kuisogeza chemchemi kutoka mita 800 hadi mita 400, umeongeza nini, ikiwa mama atateka kiasi kile kile? Mahali penye amani swali hilo lina nguvu, ingawa hata huko saa moja aliyookoa mwanamke si kitu cha kudharau. Bule jibu ni jingine. Hapa mita 400 za ziada ni mita za bondeni, kwenye migomba na mikaratusi, mahali ambapo mtu wa kilimani hapaoni. Katika wilaya ya Djugu wanawake wamevamiwa na kubakwa wakienda shambani, wakitafuta kuni, wakifuata maji. Njia ya chemchemi ni ile ile kila siku, kwa saa zile zile, na mtu mwenye nia mbaya anazijua saa hizo vizuri kama wachotaji wenyewe.

Vita vya Ituri vilivyorudi Desemba 2017 vimebadilisha hata ramani ya nani anaishi karibu na maji gani. Zamani kijiji cha milima hii kilikuwa na nyumba zilizotawanyika mgongoni mwa kilima, kila ukoo na chemchemi yake chini. Watu walipoanza kukimbia walisongamana: Bule penyewe, na kwenye kambi ya Plaine Savo kando yake, ambayo mwanzoni mwa mwaka 2022 ilikuwa na watu wapatao 20,000. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Februari mwaka huo wanamgambo wa CODECO, kundi hasa la Walendu, waliingia katika kambi hiyo kwa mapanga na bunduki wakaua watu wapatao 60, wakiwemo wanawake na watoto. Miezi michache kabla, Novemba 2021, mashambulizi ya upande wa Drodro yalikuwa yamewasukuma maelfu wengine hadi Rhoo, kando ya kituo cha walinda amani wa Umoja wa Mataifa. Mahali pa kambi hapachaguliwi na fundi wa maji. Panachaguliwa na hofu. Watu hulala walipo wenzao na palipo na askari, halafu ndipo wanauliza maji yako wapi. Chemchemi iliyowatosha watu 200 inakuta mbele yake watu 2,000, na zile nyingine kumi za vilima vya jirani zinaendelea kutiririka bila mtekaji kwa sababu hakuna anayethubutu kuzifikia.

Hizo chemchemi ni kitu gani hasa? Inafaa kusimama kidogo, kwa kuwa chemchemi iliyojengwa vizuri ni moja ya kazi za busara kabisa ambazo saruji imewahi kufanya. Fundi huanza kwa kuchimba kufuata jicho la maji hadi pale linapotoka kwenye tabaka gumu, si pale linapoonekana kwa nje. Nyuma ya jicho hilo hujaza kokoto zilizooshwa, juu ya kokoto hushindilia udongo wa mfinyanzi ili maji ya mvua yasipenye, na mbele husimamisha ukuta wa mawe wenye mabomba mawili au matatu ya chuma, yakiwa juu kiasi cha bidoni kusimama chini yake bila kuinamishwa. Chini huwekwa sakafu na mfereji wa kutoa maji yanayomwagika, kwa sababu dimbwi mbele ya chemchemi huleta mbu na kinyesi cha mbuzi. Mita kadhaa juu yake huchimbwa mtaro wa kukinga maji ya kilima, na eneo lote linazungushiwa ua. Hakuna pampu wala kipuri cha kuagiza Bunia. Kinachoiua ni vitu vidogo: ua ukichomwa kuni, ng'ombe wanapanda juu ya jicho, mtaro ukijaa, mvua ya kwanza inaingiza tope, mtu akipanda mikaratusi karibu, baada ya miaka michache maji yanapungua na kila mtu anashangaa.

Halafu kuna suala la kasi, ambalo nadhani ndilo linalopuuzwa kuliko yote. Chemchemi inayotoa lita moja kila sekunde kumi, mkondo mwembamba ambao mtaalamu mwenye haraka huupita bila kuuandika, inajaza bidoni kwa dakika tatu na kidogo. Kwa saa 12 za mchana inatoa lita 4,320, zinazotosha watu 288 kwa kiwango cha lita 15. Na usiku? Usiku inatoa lita nyingine 4,320 ambazo zote zinakwenda mtoni. Ukijenga kando yake tangi la mita tano za ujazo, lenye robine chini, mkondo ule ule sasa unatosha watu 576, na foleni ya alfajiri inakwisha haraka kwa sababu tangi limejaa usiku kucha. Foleni ya alfajiri si jambo la starehe. Ndiyo inayowatoa wasichana nyumbani kungali giza ili wawahi, na ndiyo inayowachelewesha shule. Tangi la mawe na saruji linagharimu sehemu ndogo tu ya bei ya kisima kirefu, ila halina sura ya mradi. Halipigwi picha vizuri.

Watu wa misaada huwa wanajibu kwamba wakati wa dharura hakuna muda wa mawe na kokoto, maji lazima yaletwe kwa lori au kisima kichimbwe. Ninakubali kwa wiki za kwanza. Goma, Julai 1994, kipindupindu na kuhara damu viliua makumi ya maelfu ya wakimbizi wa Rwanda ndani ya wiki chache, na kilichosaidia kuzima moto ule ni maji ya Ziwa Kivu yaliyosukumwa kwa pampu, yakatiwa klorini na kusambazwa kwa malori. Lakini Goma palikuwa na ziwa na barabara, na ardhi ya mawe ya volkano isiyochimbika. Watu 20,000 kwa lita 15 ni lita 300,000, yaani malori 30 ya lita 10,000 kila siku, kwenye barabara ambayo msimu wa mvua lori moja likikwama linafunga njia kwa yote, na ambayo kwa miaka kadhaa imekuwa na vizuizi vya watu wenye silaha wanaotoza pesa. Kisima cha pampu ya mkono kina nafasi yake, hasa juu kilimani ambapo chemchemi haziko. Ila pampu inahitaji mpira, fito, fundi na mtu wa kumlipa fundi, na kila kimoja kati ya hivyo kiko mwisho wa barabara ile ile. Pampu iliyokufa ni umbali mpya: familia inarudi bondeni, safari hii kwenye chemchemi ambayo haijatunzwa tangu pampu ilipokuja. Pampu za sola zimeshuka bei na zinaweza kupandisha maji kutoka bondeni hadi kilimani, jambo ambalo miaka 20 iliyopita lilihitaji dizeli. Ningezipenda zaidi kama paneli zisingekuwa kitu cha kwanza kuibwa.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa wanasayansi. Huko Busia, magharibi mwa Kenya, Michael Kremer na wenzake walifuatilia chemchemi zilizojengewa na zisizojengewa, na mwaka 2011 wakachapisha matokeo: kujengea chemchemi kulipunguza vijidudu vya kinyesi kwa takriban theluthi mbili pale maji yanapotoka, lakini katika chombo cha nyumbani kwa kama robo tu. Njiani na ndani ya nyumba uchafu unarudi, kwa kikombe kinachochovywa, kwa mkono wa mtoto, kwa bidoni isiyosuguliwa. Hata hivyo kuhara kwa watoto kulipungua kwa robo hivi, na hilo si dogo. Kisha mwaka 2018 likaja jaribio jingine kubwa, magharibi mwa Kenya vilevile: familia zilipewa klorini, vyoo bora, na mahali pa kunawia mikono, na kuhara kwa watoto hakukupungua. Wengine wakatangaza kwamba kazi ya maji na usafi vijijini haina faida ya kiafya inayopimika. Mimi nasoma matokeo hayo kwa namna nyingine. Jaribio la 2018 lilileta dawa, vifaa na mafunzo; halikusogeza maji karibu na nyumba ya mtu. Liliwaambia watu wanawe mikono kwa maji waliyoyabeba kichwani, liliwapa klorini ya kutia kwenye maji yale yale machache. Tukiliweka kando ya Mueda, matokeo yake yanaonyesha mwisho wa mafundisho yasiyo na maji ya kutosha, na Ituri inalijua hilo kwa uzoefu wake. Wakati wa Ebola ya 2018 hadi 2020, iliyoua watu 2,287 hasa Kivu Kaskazini na Ituri, ndoo za kunawia zenye robine ziliwekwa kila mlango wa ofisi, soko na kanisa. Watu walinawa, kwa sababu kulikuwa na mtu wa kulipwa kujaza ndoo. Mlipuko ulipotangazwa kwisha, ndoo zilibaki, maji yakaondoka.

Klorini yenyewe siikatai. Pale chemchemini, kijana wa kujitolea mwenye sindano isiyo na ncha anapima mililita chache za dawa na kuzitia ndani ya bidoni inayotoka bombani; njia nzima ya kurudi nyumbani dawa inafanya kazi, na bidoni ikifika iko tayari. Huo ni mpango wa akili kwa sababu unautumia muda wa kutembea badala ya kuupuuza. Lakini mpango huo unamtegemea kijana yule, na kijana anategemea posho, na posho inategemea mradi wa miezi sita.

Nikija kwenye vyoo, hesabu ya hatua inageuka kuwa ngumu zaidi, maana choo kinatakiwa kiwe karibu na mbali kwa wakati mmoja. Karibu na nyumba, kisizidi mita 50, la sivyo usiku hakuna mwanamke wala mtoto atakayekitumia. Mbali na maji, angalau mita 30. Kwenye tambarare hilo linawezekana kwa kamba ya kupimia. Kwenye vilima vya Djugu nyumba ziko juu na chemchemi ziko chini, kwa hiyo kila choo kilichochimbwa kijijini kiko juu ya maji ya kunywa ya mtu fulani. Mita 30 za mteremko wenye nyufa si mita 30 za uwanja. Kuna haja ya mtu anayejua ardhi ile, mara nyingi mzee wa kijiji kuliko mhandisi, aseme maji ya chemchemi fulani yanatoka upande gani wa kilima, kisha vyoo vihamie mgongo wa pili. Kambini hakuna mgongo wa pili. Vibanda vya bashi vimebanana, na shimo linalotakiwa kutumiwa na watu 20 linatumiwa na 50 au zaidi. Kinyesi cha mtu mmoja shimoni kinajaza kama lita 50 kwa mwaka baada ya kuoza. Watu 50 wanajaza mita mbili na nusu za ujazo, yaani shimo la mita moja kwa moja lenye kina cha mita tatu limekwisha baada ya mwaka mmoja na kidogo, wakati kambi nyingi za Djugu zimekaa miaka mingi. Bajeti zinalipa choo cha kwanza. Sijaona bajeti inayotaja choo cha tatu kwenye nafasi ile ile.

Wapo wanaosema watu wa vijijini hawataki vyoo, kwamba ni mila. Historia ya jirani inawapinga. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya kwa redio na vikundi vya kusoma, watu wapatao milioni mbili wakashiriki, na mamia ya maelfu ya vyoo yakachimbwa kwa jembe na nguvu za wenyewe. Kongo nayo ilianzisha mpango wa Vijiji Safi na Shule Safi, ulioenea nchi nzima kuanzia 2008 kwa msaada wa UNICEF. Kijiji kilipata cheti kikitimiza masharti saba, miongoni mwake asilimia 80 ya watu wawe na maji safi, asilimia 80 ya nyumba zitumie vyoo vya usafi, na kijiji kifagiliwe angalau mara moja kwa mwezi. Ni mpango uliowaheshimu wanakijiji kwa kuwaachia uamuzi, na ninausifu kwa hilo. Udhaifu wake ni kwamba ulihitaji kijiji kinachobaki mahali pake. Mtu anayetarajia kukimbia kesho hachimbi shimo la mita tatu, na hilo si suala la mila hata kidogo.

Ndipo linakuja pingamizi ambalo kila mfadhili analo mdomoni: kwa nini kujenga mahali ambapo vita vitabomoa, kwa ajili ya watu ambao siku moja watarudi makwao? Kwanza, chemchemi ni vigumu kubomoa. Unaweza kuvunja ukuta na kung'oa bomba, lakini maji yanabaki na kokoto zinabaki. Gunia chache za saruji zinarudisha kazi. Sivyo kwa jenereta wala paneli. Pili, atakayerudi kilimani kwake ndiye anayehitaji chemchemi zile kumi zilizoachwa. Kuzijenga ni sehemu ya kumrudisha, kuliko kumfuata na lori alikokimbilia. Na tatu, maji ya chini ya ardhi hayajui mpaka wa Mhema na Mlendu, jamii mbili za vita hivi. Zipo chemchemi zenye watekaji wa pande zote mbili, au zilizokuwa nao kabla ya 2017. Wahema wa kaskazini wanazungumza Kilendu. Wanagombana, na wakitaka wanaweza kupatana, kwa lugha moja. Sisemi kwamba kamati ya maji italeta amani ambayo hali ya dharura ya kijeshi iliyotangazwa Mei 2021 haijaileta. Nasema tu kwamba chemchemi iliyojengwa kwa ajili ya upande mmoja ina adui tangu siku ya kufunguliwa, na makubaliano ya saa za kuteka, hata ya muda, yanafupisha njia ya pande mbili bila saruji yoyote.

Nani alipe? Hapa Tanzania ina funzo chungu. Mwaka 1971 serikali iliahidi kwamba kufikia 1991 kila mwanakijiji atapata maji ndani ya mita 400, tena bure. Lengo lilikuwa sahihi, kwa kuwa lilitaja hatua. Kilichokosewa ni kuamini kwamba Serikali itaendelea kununua dizeli na vipuri milele. Ilipofika 1991 mitambo mingi ilikuwa imesimama na sera mpya ikaanza kudai mchango wa watumiaji. Ukilichukua funzo hilo na kulipeleka Bule bila kulipima, utamtoza faranga mama anayelala chini ya bashi, naye atarudi kwenye kijito. Kongo ina katiba ya 2006 ambayo kifungu chake cha 48 kinadhamini haki ya kupata maji ya kunywa, na ina sheria ya maji ya tarehe 31 Desemba 2015 inayozipa majimbo na tawala za chini, sheferi zikiwemo, jukumu la huduma hiyo. REGIDESO, shirika la maji la serikali, ni ya miji. Vijijini mzigo uko kwa sheferi, ambayo mara nyingi haina hata saruji. Ila mzigo wa chemchemi ni mwepesi kuliko wa pampu: jembe la mtaro, miche ya ua, gunia mbili za saruji kwa mwaka, posho ya mlinzi mmoja. Hicho ni kiasi ambacho ushuru wa soko la sheferi unaweza kukibeba siku soko likichangamka, na ambacho mfadhili angeweza kukiandika kwenye mkataba kwa miaka mitano badala ya kujenga vituo vipya vitano kila mwaka na kuviacha.

Upimaji wa chemchemi unapaswa kufanyika mwishoni mwa Februari, maji yakiwa madogo kabisa, kwa bidoni na saa ya mkononi. Mwezi wa Oktoba kila mkondo unadanganya. Na orodha ikishapatikana, mazoea ni kuanza na chemchemi kubwa, kwa sababu inawahudumia wengi kwenye karatasi. Mimi ningeipanga orodha kwa hatua kutoka mlango wa mwisho wa kijiji, na kwa kuangalia kama njia yake inaonekana kutoka nyumbani. Mkondo wa dakika tatu kwa bidoni ulio mita 150 chini ya nyumba, wenye tangi la kukusanya maji ya usiku, ningeujengea kabla ya ule unaomwagika kwa nguvu kilomita moja na nusu upande wa pili wa msitu wa mikaratusi.